Mteremko wa Riat

Kwenye kona ya tatu ya mlima wa Riat, Obiero alishuka kwenye baiskeli akaanza kuikokota. Hakuwa amechoka. Miaka kumi na minane alikuwa hajakanyaga pale, na miguu ilikataa.

Wachira naye alishuka, akatembea kando yake bila kuuliza. Nabalayo, aliyewapigia simu wote mpaka safari hii ikawezekana, alikuwa ametangulia. Walimsikia juu huko akiwacheka kwamba wamezeeka.

Zamani walikuwa watano. Walisoma chuo kimoja mjini Kisumu, wakanunua baiskeli kuukuu za mlimani katika soko la Kibuye, na karibu kila Jumamosi walitoka Migosi, wakanywa chai Otonglo, chini ya mlima, kisha wakapanda Riat. Wa nne alikuwa Awuor, mchumba wa Obiero siku zile. Wa tano alikuwa Oketch, na Oketch alifia kwenye kona hii.

Jumamosi hiyo Wachira aliishia Otonglo, akisema tumbo linamsumbua. Wengine walipanda. Kileleni gurudumu la Oketch likatoka upepo, naye alikuwa na haraka kwa sababu mama yake alikuwa anakuja kutoka Seme kumwona. Obiero akampa baiskeli yake, akabaki na Awuor na Nabalayo kuziba pancha. Walipokuwa bado wanatafuta tundu, walisikia watu wakipiga mayowe huko chini. Wachira, aliyekimbia kutoka Otonglo, ndiye aliyewatangulia wote kwa maiti. Walimkuta amekishika kichwa cha Oketch mapajani, akilia kama mtoto.

Watu walisema marehemu alipenda mbio. Mchungaji alilirudia neno hilo kaburini, akawaonya vijana.

Baada ya mazishi Obiero alimwambia Awuor kwamba hatamwoa. Hakumpa sababu, na Awuor aliuliza mpaka akachoka kuuliza. Mwaka wa tatu aliolewa na Wachira, wakahamia Nairobi. Obiero hakwenda harusini. Alitafuta kazi ya ualimu Seme, karibu na boma la kina Oketch, akawa mtoto wa yule mama. Alimlimia shamba, akampeleka kliniki, akamwezekea nyumba upya. Majirani walimsifu sana, wakasema rafiki wa namna hii hapatikani tena. Sifa hizo zilimchoma kama pilipili kwenye kidonda. Hakuoa.

Mama alifariki mwezi wa nne mwaka huu. Siku mbili kabla ya kukata roho alimwita Obiero kitandani, akamshika mkono. Alimwomba msamaha kwa niaba ya mwanawe, kwamba kwa kupenda mbio alimharibia mwenzake baiskeli, na wao hawakumlipa.

Obiero alimjibu kwamba yamekwisha. Kisha alitoka nje, akaenda nyuma ya nyumba, akachanja kuni mpaka giza likaingia.

Ndiyo maana Nabalayo alipopiga simu, alikubali. Alijua atamwambia mtu, na mtu huyo ni Wachira, aliyembeba Oketch kwa mikono yake.

Walifika penye jiwe kubwa kandoni mwa njia. Chini kabisa ziwa lilikuwa limetanda, jeupe kwa jua la saa nne. Wachira alikuwa anaeleza kwamba Awuor anawasalimu, goti tu ndilo lililomzuia, na kwamba kifungua mimba wao anaingia kidato cha pili. Obiero aliilaza baiskeli yake chini.

"Wachira, nina neno. Usinikatize."

Wachira aliegemeza baiskeli yake kwenye jiwe.

"Oketch hakufa kwa sababu ya mbio. Nilimuua mimi." Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma tangazo. "Breki za ile baiskeli zilikuwa zimelegea. Raba zilikuwa zimekwisha, na nilijua wiki nzima. Kila siku nasema kesho nitapita kwa fundi. Halafu nikampa, na sikumwonya. Niliona aibu kusema mbele ya Awuor kwamba naendesha kitu kibovu."

Aliendelea kwa shida. Alisema hiyo ndiyo sababu alimwacha Awuor, maana hakuona haki yake ya kuwa na mke na watoto wakati Oketch yuko udongoni. Alisema yule mama amekufa akiamini mwanawe alikuwa mpumbavu, na yeye alikuwa na miaka kumi na minane ya kumwambia ukweli, asimwambie. Kesho angekwenda kwa ndugu zake Oketch kuwaeleza. Wakimfukuza, wamfukuze.

"Nimeanza na wewe kwa sababu hujawahi kunitupa," alisema. "Sema lolote utakalo. Ukitaka kunipiga, nipige."

Wachira aliketi juu ya jiwe. Alitazama viganja vyake. Nabalayo aliita kutoka juu, akataka kujua kama wamelala.

"Usiende kwa ndugu zake," Wachira alisema mwishowe.

"Lazima."

"Usiende, omera." Omera, ndugu yangu: hivyo ndivyo alivyomwita tangu mwaka wa kwanza chuoni, Mkikuyu pekee darasani aliyejikaza kujifunza Kijaluo. "Raba zile zingemfikisha chini salama."

"Wewe utajuaje?"

"Niliziona pale Otonglo, mkiwa ndani mnakunywa chai, nilipokuwa nalegeza waya wa breki zako. Sikujua utampa Oketch."