Maneno ya Ukurasa wa Tahariri

Simu ilipoita, Truphena alikuwa tayari, daftari likiwa magotini. Mjukuu wake wa Toronto, mwenye miaka sita, hajawahi kufika kwake kisiwani Rusinga na hajui Dholuo wala Kiswahili. Kwa sababu hiyo bibi huyu alikuwa amesoma tahariri za magazeti kwa miezi minane, kamusi kando, akiandika kila neno jipya la Kiingereza kwa kalamu nyekundu.

"Hello, Dani," mtoto alisema, akimwita bibi kwa neno pekee la Dholuo alilofundishwa.

"Hello, nyakwara. How are you?" Truphena alijibu, naye akimwita mjukuu kwa Dholuo.

"Fine."

Kidole cha Truphena, kilichochanika kwa kuanika dagaa wa omena, kilishuka ukurasani. Bajeti, ufisadi, uwajibikaji: yote aliyajua kwa Kiingereza. Neno la kumwambia mtoto kwamba anatamani kumpakata hakuliona. Mwishowe kidole kilisimama kwenye maneno ya tahariri moja kuhusu wabunge watoro.

"Your absence is regrettable," alisoma polepole. Kutokuwepo kwako kunasikitisha.

Mtoto alimgeukia mama yake na kumuuliza maana yake.

Truphena alisubiri binti yake ajibu. Alisikia kiti kikisogezwa, halafu binti huyo akipenga kamasi.