Sauti Iliyokawia

Waliopiga simu idara ya maji walimjua Mbaruku kwa ukimya wake. Hakuwa akiona, kompyuta ndiyo iliyomsomea sikioni habari za wateja, na mara nyingi sauti hiyo ilikawia kuanza. Watu walichoka kungoja, wakakata. Bi Nasra, mkuu wake, alikwisha kumwambia kwa upole kwamba atahamishiwa stoo.

Asubuhi moja fundi Salha alikuja kurekebisha kibodi, akamsikiliza akihangaika na mteja.

“Kaka, sauti huchelewa kila mara?”

“Nikikaa kimya kidogo tu. Nikiitumia mfululizo haina neno.”

“Basi nimeelewa. Mashine hii kumbukumbu yake ya haraka ni ndogo. Sauti ikitulia, inadhani huihitaji tena, inaisukumia kwenye kumbukumbu ya polepole. Ukiiita, inaanza kuirudisha.”

Mbaruku alikuwa amekwisha kuamini kwamba akili yake ndiyo inayozeeka.

“Kwa hiyo mzito si mimi?”

“Si wewe. Naiamuru isiihamishe sauti yako, hata ukinyamaza kutwa. Itahamisha vingine.”

Salha aligonga vibonye kwa muda, kisha akaondoa mikono. Simu ikalia. Papo hapo mlango ulifunguka, na harufu ya udi ikamjulisha Mbaruku kwamba Bi Nasra ameingia. Akapokea. Mama mmoja akataja jina lake. Mbaruku akaliandika, na sauti ikamjibu palepale.

Nyuma yake, Bi Nasra alivuta kiti taratibu, akaketi.