Shabiki Pekee wa Blenda

Kwenye kisanduku cha kutafuta mtandaoni, Chekecheke aliandika jina la blenda ya kampuni yao ndani ya alama za kunukuu, akaongeza alama ya kutoa na neno “moshi”. Machapisho mia nne na kumi na mawili yakawa mia mbili na matatu. Akatoa “imeungua”, yakabaki ishirini. Akatoa “wezi”. Likabaki moja.

Alilisoma mara mbili, kisha akazunguka na kiti chake mzunguko mzima.

“Majirani, kila nyumba inunue blenda hii. Wenye mbili, ongezeni ya tatu.”

Kazi yake ilikuwa kufuatilia yanayosemwa mitandaoni, na jina hilo la utani alipewa ofisini kwa jinsi alivyoyachekecha. Mkurugenzi alikuwa amempa hadi saa kumi jioni: amletee mteja mmoja mwenye furaha, wa kuwekwa kwenye tangazo, la sivyo arudi kupokea simu za malalamiko. Simu hizo alishazipokea miaka mitatu. Mpaka leo simu ikilia akiwa anakunywa chai, husema samahani kabla ya kumeza.

Akatafuta machapisho ya akaunti ile peke yake. Sitini na manne, yote ya saa ya chakula cha mchana, hakuna hata moja lenye kinyongo. “Mashine hii imenisomeshea watoto wanne.” “Siku ikipita sijaishika, mikono inaniwasha.” “Za kampuni nyingine hazinifai kitu.”

“Huyu anauza sharubati,” alimwambia mpiga picha. “Kutwa nzima anasaga matunda.”

“Au ni mke wa mkurugenzi.”

“Nimeshamtoa. Mke, shemeji na mawifi wawili.”

“Na mama mkwe?”

“Alitoka na ‘wezi’.”

Akaongeza neno “karibuni”, na anwani ikajileta yenyewe: nyuma ya duka la rangi, mlango wa kijani. Saa nane na nusu walikuwa kwenye kichochoro hicho, mpiga picha na kamera yake, Chekecheke na zawadi, blenda mpya ndani ya boksi. Alitembea kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja mwenye aproni alikuwa ameinama mezani.

“Shikamoo, mama. Ni wewe unayeandika habari za blenda?”

“Marahaba, mwanangu. Ni mimi. Kwani nimekosea?”

“Hakuna aliyeandika vizuri kama wewe.” Chekecheke alicheka hadi boksi likatikisika. “Na yote uliyosema ni ya kweli?”

“Neno kwa neno. Waliozitengeneza nawaombea dua kila nikiamka.”

“Umesikia?” Chekecheke akamgeukia mpiga picha. “Kila akiamka.”

Mpiga picha alishainua kamera. Akaishusha taratibu, akaelekeza kidevu ukutani. Kuanzia sakafuni hadi darini, rafu zilijaa blenda za kampuni, matumbo wazi, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe.

Mama akachomoa bisibisi mfukoni, akasogeza taa, akalitazama boksi kwa upendo.

“Weka hapa, mwanangu. Yako imeunguza mota au imevunja gia?”