Makohozi ya Werema

Gati alikohoa kutoka chini kabisa ya kifua, akatema ndani ya kikopo kilichoandikwa jina la mumewe. Akakifunga haraka, kana kwamba kilichomo kingeweza kusema kimetoka kwa nani.

"Umemaliza?" Werema aliuliza kwa sauti ya chini kutoka ndani ya turubai.

"Chako tayari. Bado changu."

Jua lilikuwa halijachomoza. Mlima mzima wa machimbo ulikuwa unakohoa, kila mtu na kikopo chake. Halmashauri ilikuwa imeamua kwamba safari hii hakuna mchimbaji atakayeshuka kwenye duara, shimo la dhahabu, kabla ya kupimwa kifua kikuu. Jana yake gari la afya lilipanda na spika juu, likagawa vikopo kwa wachimbaji na wake zao. Nesi Regina alieleza kwa upole: si mate, ni makohozi ya asubuhi, yale yanayotoka ndani. Dawa ni bure. Atakayekutwa na ugonjwa atakaa nje ya shimo mpaka daktari amruhusu.

Kwa dawa za bure watu walipiga makofi. Hilo la mwisho liliwanyamazisha.

Maana duara lao lilikuwa limeanza kutoa. Tangu mvua za mwaka uliopita Werema na wenzake walikuwa wanavunja mwamba mtupu, wanakula ugali kwa chumvi, na sasa ndiyo kwanza mawe yalikuwa yanapanda juu na dhahabu inayoonekana kwa macho. Simioni, msimamizi wa duara, alikuwa na sheria moja: mifuko ya mawe wanagawana walioko chini. Ukitoka, nafasi yako inajazwa siku hiyohiyo, na jasho lako lote la nyuma linakuwa la bure. Werema na Gati walikuwa wameshapanga. Wakipata mgawo wa kwanza tu, wanarudi kijijini kwao Gorong'a, wanajenga, na mtoto wao Robi anajifunza kutembea mahali pasipo na mashimo.

Na Werema alikuwa anakohoa. Kikohozi kikavu, kirefu, kinachomkunja kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Wenzake walikuwa wanamwita Pikipiki, kwa jinsi alivyowaka kwa shida asubuhi. Utani huo uliisha Hamidu alipobebwa kupelekwa kwao Mugumu, na habari iliyorudi ikawa ya mazishi. Hamidu naye alianza hivyohivyo.

"Ni vumbi tu, mama Robi," Werema alikuwa amesema jioni ile walipopewa vikopo.

"Kama ni vumbi, si uteme?"

Alikigeuzageuza kikopo mkononi, kisha akakiweka karibu na goti la mkewe, akatoka nje. Hakumwomba. Gati alijua asingeomba hata kwa fimbo, ndiyo maana alikichukua mwenyewe.

Mzima wa nyumba ile alikuwa ni yeye. Alikuwa anatwanga mawe na wanawake wenzake kutwa nzima, mtoto mgongoni, uso mweupe kwa unga wa mawe, na hakuna siku aliyoshinda amelala. Alikuwa amekonda, lakini nani pale alikuwa amenenepa? Wenzake kwenye vinu walimcheka kwamba Robi akishamaliza maziwa ananyonya na mifupa. Asubuhi nyingine aliamka godoro limelowa upande wake, akamlaumu Robi kwa kukojoa, akalianika juani, akaenda kazini.

Alfajiri ile alishangaa tu kuona kazi ilivyokuwa nyepesi. Kwenye turubai la jirani, Kezia alikuwa anahangaika kama mbuzi aliyepaliwa na pumba, na alichopata ni mate. Gati alijaza cha Werema, akajaza na chake, bila taabu.

Nesi Regina alivipokea, akaviinua kwenye mwanga. "Hivi ndivyo ninavyotaka. Wengine wananiletea povu."

Werema alicheka, naye hakuwa amecheka tangu gari lilipokuja.

Siku za kusubiri majibu duara lilikuwa kimya, na Simioni alizunguka juu yake kama kuku aliyezuiwa kutaga. Gari liliporudi, watu waliitwa kwenye hema, mtu na mkewe. Mume wa Kezia alitoka akicheza, akawatangazia walioko foleni kwamba amepata visa ya kwenda kuzimu. Watu wakacheka. Simioni akamwonyesha kamba, naye akashuka palepale.

Zamu yao ilipofika walikaa kwenye benchi bega kwa bega, Robi akinyonya. Chini ya kanga Gati alikishika kidole cha mumewe, akakibana. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Nesi Regina aliteremsha pazia la hema kwanza, ndipo akaketi.

"Baba Robi, usishtuke," alisema taratibu. "Ugonjwa huu unapona kabisa. Lakini shimoni hutashuka kwa sasa. Msimamizi wako nitaongea naye mimi." Kisha akamgeukia Gati. "Na wewe mama, vilevile. Vikopo vyenu vyote viwili vina vimelea."

Nje, Simioni alikuwa anaita mtu mwingine ashuke. Werema hakugeuka kusikiliza ni nani. Alimtazama mkewe, aliyejaza vikopo vyote viwili. Halafu akamtoa Robi kwenye titi, akasogea naye mpaka mwisho wa benchi.