Kifuniko Asubuhi, Kifuniko Jioni

"Tangu nizaliwe, pombe haijanigusa hata ukucha!" Zénon alitangaza mbele ya waumini wote, na kwa kuwa alikuwa shemasi, mwimbaji wa besi na dereva wa watoto wa shule, hakuna aliyethubutu kucheka.

Ibada ilikuwa imeisha. Walisimama kwenye maegesho ya kanisa la wahamiaji mtaani Jordbro, kaskazini mwa Ulaya, baridi inawang'ata masikio, wamelizunguka gari lake la teksi kama watu waliokuja kumwona maiti. Mbele ya gari alikuwa Paskali, Mtanzania wa maneno mengi, amekumbatia katoni ya chupa za dawa anayoiuza kama anabembeleza mtoto.

Chupa zenyewe zilikuwa na mambo. Paskali aliazima kitabu cha zamani maktaba ya mtaa wa Vällingby, kimejaa matangazo ya dawa za Uingereza za enzi za Malkia Victoria, akaiga kila kitu: mzee wa masharubu kwenye lebo, maneno "siri ya ukoo", na msururu wa magonjwa ulioanza na kikohozi ukaishia na huzuni ya giza la Novemba. Kifuniko asubuhi, kifuniko jioni. Ukimuuliza ndani mna nini, anakukonyeza.

Leo hakukonyeza. "Tangawizi, asali na mizizi. Basi!"

"Na nini tena?" alidakia Mama Emérithe. Yeye alishanunua chupa tatu, na furaha aliyokuwa nayo kwenye kwaya siku hizi ilianza kumtia wasiwasi mwenyewe.

Kisa kilianza Jumatano. Watoto wamepanga mstari mtaani Farsta, teksi ya Zénon ikagoma. Magari ya shule yana kidude cha kupima pumzi: dereva anapuliza, kikinusa pombe kinawasha taa nyekundu na injini inanyamaza. Alhamisi, yaleyale. Manispaa ikapiga simu: Jumatatu alete maelezo ya kueleweka, la sivyo watoto wanapewa dereva mwingine. Maelezo Zénon alikuwa nayo. Kikohozi, na dawa ya Paskali. Mchungaji alikubali kwenda kumtolea ushahidi, ila kwanza aone kwa macho yake.

"Dawa za kina Victoria zilikuwa pombe tupu," Zénon alisema, akihamisha peremende kutoka shavu hili kwenda lile. "Akina mama wa Ulaya, walokole kabisa, wanakunywa kwa kijiko, wanalala wakiimba. Huyu kaiga mpaka masharubu. Mnadhani kilichomo ndani ndicho alichoacha kuiga?"

Watu wakaanza kujisogeza mbali na katoni.

"Kidude chako kibovu, kaka!" Paskali alilia.

"Kibovu? Asubuhi Colombe ndiye kaniendesha kutoka Farsta, maana mimi mikono ilikuwa inatetemeka kwa hasira. Kapuliza mara moja, gari likawaka. Muulizeni."

Colombe, mkewe, aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Kazi ya kuwabeba wale watoto ndiyo iliyokuwa inawalipia nyumba.

Mchungaji akachagua chupa mwenyewe, akaifungua mwenyewe, akakijaza kifuniko. Zénon akatema peremende, akanywa, akaingia garini, akapuliza.

Nyekundu.

"Mmeona!"

"Yesu wangu," Mama Emérithe alishika kichwa, "chupa tatu!"

Mchungaji akamgeukia shemasi wake. "Jumatatu asubuhi nitakuwa pale manispaa. Nitasema nilichokiona."

"Mtu mmoja!" Paskali alikuwa anatweta sasa. "Mtu mmoja si ushahidi! Labda ni ile peremende! Labda ni meno yake!"

"Meno yake?" Colombe alipenya katikati ya watu. "Mume wangu unamfanya mwongo mbele ya kanisa? Lete hiyo chupa."

"Acha, chérie, mpenzi wangu," Zénon alisema haraka. "Mchungaji ameshaona. Halafu wewe ndiye wa kuturudisha nyumbani."

"Tutarudi kwa treni. Wanataka shahidi wa pili, nitawapa shahidi wa pili."

Hakutafuta kifuniko. Aliinua chupa ileile, akaigida mpaka ikabaki povu, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Kidude kilipotulia, akaketi kwenye usukani, akamkodolea Paskali macho kupitia kioo, akapuliza kwa nguvu zote za mke anayemtetea mumewe.

Gari likawaka.