Jani la Isale

Kila alfajiri Aikande huinama kwenye maharage yake na kuokota viwavi kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka kiuno kimkatike. Sheria ya Shamba Safi inataka kila shamba liguse la jirani bila hata unyasi katikati, na jicho la serikali angani halisinzii.

Zamani viwavi hao waliliwa na nyigu na vyura waliokaa kwenye ukingo wa shamba la wifi yake Ndeshi, hatua mbili tu za magugu, maua na masale, mimea ya mipakani yenye majani marefu. Aikande aliuona ukingo huo kuwa uchafu. Ni yeye aliyekwenda kuwaambia mabwana shamba, wakaja na mashine wakaufyeka wote.

Leo alikwenda kuomba msamaha. Kwao Uchagani msamaha huombwa kwa jani la isale, na aliyekosewa akilipokea, yameisha. Alikuwa amelitafuta kata nzima.

"Wifi, nimekuja mikono mitupu."

Ndeshi aliitazama mikono ile, iliyogeuka kijani kwa maji ya viwavi.

"Natamani kukusamehe, wifi," alisema taratibu. "Lakini nitapokea nini? Masale ya mwisho yalikuwa pale ukingoni kwangu."