Ndani ya Sikio la Bi Mashavu

Enzi hizo wazee walipewa vifaa vya kusikia bure, kwa sharti kwamba ndugu mmoja awe anasikiliza yote yanayoingia, ati kwa usalama wao. Bi Mashavu alipangiwa mwanawe Shomari, aliyekuwa akifanya kazi Morogoro. Mama alidhani mwanawe atasikiliza siku yeye akianguka tu.

Mchana mmoja shoga yake, Bi Kibibi, aliingia akafunga mlango.

"Nina uvimbe kwenye titi," alisema. "Hata mume wangu sijamwambia."

Bi Mashavu akamshika mkono. Ndipo akasikia, ndani ya sikio lake, mtu anatafuna. Alitafuna mdomo wazi, akameza, akacheua.

"Shomari?"

Kutafuna kukakoma. "Shikamoo, mama. Msinijali, endeleeni tu. Huo uvimbe wenyewe mkubwa?"

Bi Mashavu alikichomoa kifaa, kikatoka na joto na unyevunyevu kama ulimi wa mtu, akakitupa kwenye ndoo ya maganda. Alipogeuka, Bi Kibibi alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka, anamuuliza jambo. Bi Mashavu aliitazama midomo yake ikicheza, asisikie hata neno moja.